Mahame Yana Majina: Tuyaandikeje Kabla Hayajapotea?

Kati ya mwaka 1973 na 1976, Operesheni Vijiji iliwatoa mamilioni ya Watanzania kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya vijijini. Nyuma waliacha mahame. Nyumba za miti na udongo zilianguka baada ya masika machache, lakini majina ya mahali hapo yangali vinywani mwa wazee. Anayetaka kuchora ramani ya kihistoria ya wilaya yake ana kazi ya kuyaokoa sasa.

Kazi huanzia kwenye ramani za zamani. Wajerumani walichapa ramani za koloni lao kwa kipimo cha 1:300,000, wakiandika majina kwa tahajia yao: Mwanza ikawa Muansa, Songea ikawa Ssongea. Baadaye Waingereza walitumia picha za anga kutengeneza ramani za 1:50,000, ambazo ni rahisi zaidi kuzifuata ukiwa shambani. Tahajia hizo usizisahihishe. Nakili jina kama lilivyochapwa, weka mwaka wa ramani, kisha andika pembeni matamshi ya wenyeji wa leo.

Jihadhari na majina ya watu. Makazi mengi yaliitwa kwa jina la mwanzilishi au jumbe, kama yanavyoshuhudia majina ya Kwa Mtoro, Kwa Sadala na Kwamsisi. Mwenye jina akihama, jina linaweza kuhama naye. Ndiyo maana jina lilelile huonekana sehemu mbili katika ramani za miaka tofauti, bila mchoraji yeyote kuwa amekosea.

Hatua ya pili ni kwenda uwandani na mzee aliyeishi huko. Muulize, "Hapa mlipaitaje?" Usimtajie jina la kwenye ramani mpaka amalize, maana kwa heshima atakubali utakalosema. Kisha muulize mwingine, peke yake. Wakitofautiana, andika majina yote mawili na nani alisema lipi. Jina la kilima, la kijito na la kaya yaandike mbalimbali, hata kama yanafanana.

Ardhi nayo hutoa ushahidi. Tafuta miembe mikongwe iliyosimama porini, minyaa iliyokuwa ua, vigae vya vyungu, mawe ya kusagia na makaburi. Pima kila alama kwa GPS ya simu, na andika tarehe. Kwenye makaburi, omba ruhusa ya familia kwanza.

Mweleze kila mtu wazi kwamba kuandika jina si kudai shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika katika kuwahamishia watu vijijini kati ya 1970 na 1977, kwa hiyo jina la hame halimrudishii mtu shamba la zamani. Jambo hili lisipoelezwa mapema, majirani watashuku, na wazee watanyamaza.

Jina lililoandikwa bila alama ya mahali, msemaji na tarehe halimsaidii mtafiti wa kesho. Walimu wa historia na jiografia, watendaji wa vijiji, nanyi vijana mnaorudi likizo: chukueni daftari, mkaketi na wazee wenu mwaka huu. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, nyingine shuleni.