Rangi Haina Mwenyewe, Bango Linaye

"Nimeitoa Google." Jibu hilo utalisikia kwenye steshenari za Kahama na Geita mjini ukimuuliza kijana wa kompyuta ile picha ya vipande vya dhahabu kwenye bango la mteja ameipata wapi. Google ni dalali. Dalali anakuonyesha nyumba, hati hana. Nyuma ya kila picha unayoikuta pale kuna mtu aliyeipiga au aliyeichora, na mara nyingi mtu huyo hajakupa ruhusa.

Kwa Tanzania Bara jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Wanafunzi wengi wa usanifu wanadhani haki inaanzia ofisini, kwa fomu na muhuri. Sivyo. Haki inazaliwa pamoja na kazi. Ukimaliza kuchora nembo saa nane usiku chumbani kwako Shinyanga, saa hiyo hiyo ni yako. Kuisajili katika Ofisi ya Hakimiliki, ile tuliyozoea kuiita COSOTA, kunakusaidia kwa ushahidi siku ya ugomvi. Kinga hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Usijifariji kwamba picha ni ya Mfaransa asiyeijua Geita: Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na Mfaransa huyo analindwa hapa kama unavyolindwa wewe.

Kitu kisicholindwa ni wazo. Sururu, mwanga wa dhahabu na mlima nyuma yake: hilo ni wazo, na kila mnunuzi wa dhahabu anaweza kulitaka kwenye bango lake. Mali ni ule mchoro wako wa sururu. Mtazame Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Mtindo wake wa wanyama waliopakwa rangi za kung'aa umefuatwa na wachoraji wasiohesabika, na hakuna kosa, kwa sababu mtindo haufungwi. Picha aliyoichora kwa mkono wake ndiyo iliyokuwa na kinga, na ile miaka 50 ilitimia mwaka 2022. Lakini taratibu: picha nyingi zinazoitwa tingatinga zimechorwa na watu ambao wako hai na wanauza leo.

Wafanyabiashara wa kanga waliielewa zamani tofauti hii kati ya cha mtu na cha wote. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kama Abdulla, alitia alama ya "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake ili mnunuzi ajue zimetoka kwa nani. Kisutu, kanga ya bibi harusi wa Pwani yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, haina mwenyewe. Rangi ni za wote. Kampuni za simu Vodacom na Airtel zote zinatumia nyekundu, na zinatambulika kwa umbo la nembo zao.

Rangi tatu za kisutu ndizo hizo hizo ambazo Kiswahili kimezipa vivumishi halisi: -ekundu, -eusi, -eupe. Nyingine tumeziazima kwenye vitu. Kijani ni jani, manjano ni bizari, kahawia ni kahawa, kijivu ni majivu, zambarau ni tunda. Naona lugha imetupa hapa somo bora la saikolojia ya rangi kuliko chati nyingi za ng'ambo zinazomwambia mwanafunzi kwamba njano ni furaha, akariri, akajibu mtihani. Furaha ya nani? Geita njano ni dhahabu, na hata kwenye bendera ya taifa inasimama kwa utajiri wa madini. Ukiingia mgodini inageuka kuwa onyo: katika alama za usalama za kiwango cha ISO 3864, njano inatahadharisha, nyekundu inakataza, bluu inaamuru, kama vile kuvaa kofia ngumu, na kijani inaonyesha njia salama. Ukitoka getini ukaiweka njano karibu na kijani, umeshaiita klabu ya Yanga, au chama cha CCM. Mpelekee shabiki wa Simba kadi ya harusi ya rangi hizo uone kama utalipwa.

Nyeusi nayo ina mambo yake. Kwenye tangazo la msiba ni huzuni, lakini kwa mkulima wa pamba wa Shinyanga, mkoa unaoijua kiu, wingu jeusi ni habari njema. Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi uliza nani atasoma, na atasomea wapi.

Hilo la wapi linasahaulika mno. Bango linasomwa saa saba mchana, tangazo la WhatsApp linasomwa juani kwenye simu yenye kioo chenye mikwaruzo. W3C, chombo kinachoweka viwango vya tovuti, kinataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya mwanga wa maandishi ya kawaida na wa mandhari yake. Rangi ya dhahabu ya kompyuta, #FFD700, juu ya nyeupe inapata takriban 1.4. Juu ya nyeusi inakaribia 15. Dhahabu juu ya nyeupe inapendeza kwenye kompyuta ya steshenari. Barabarani haionekani.

Nimalizie na mteja. Akilipia nembo, usidhani wala asidhani kwamba haki zote zimehama na fedha; haki za kiuchumi huhamishwa kwa maandishi. Siku moja atataka kuisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, na kama uliijenga kwa vipande vya maktaba ya Canva, masharti ya Canva hayamruhusu. Chora mwenyewe. Kisha, kabla ya kukabidhi faili, andikeni karatasi moja: kazi gani, itatumika wapi, kwa bei gani, na sahihi mbili chini yake.