Tulinde Kihamba, Tulishe Watoto

Akina mama wapendwa, sisi tunaopima watoto kliniki twajua kuwa afya ya mtoto huanzia shambani. Katika miteremko ya Kilimanjaro, kihamba kimelisha familia za Wachagga vizazi kwa vizazi. Juu husimama mringaringa na miti mingine ya kivuli, chini yake migomba, kisha kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga. Ng'ombe wa zizini hula majani ya mgomba, na samadi hurudi shambani. Mwaka 2011 shirika la FAO lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, Moshi, kuwa urithi wa kilimo duniani.

Lakini vihamba hugawiwa wana hadi vinakuwa vipande vidogo, na bei ya kahawa ikianguka, miti hukatwa mbao. Kivuli kikitoweka, udongo hukauka na kuchukuliwa na mvua. Kwa desturi kahawa ni ya baba. Ndizi na maziwa ni vya mama. Basi migomba ikinyauka, njaa hubisha hodi jikoni kwetu kwanza.

Tufanye nini? Kabla mti haujakatwa, tuketi na waume zetu, tushauriane. Ukikatwa mmoja, tupande miwili. Na watoto, wa kike na wa kiume, tuwashike mkono twende nao kupanda.