Una 4x4? Kitengela kukinyesha ndipo utajua hujui

Niambie ukweli. Mtu akikuuliza ni njia gani ngumu zaidi kupitisha gari la 4x4, unaona nini kichwani? Bila shaka unaona mlima. Mawe makubwa kama nyumba, Land Cruiser imeinamia upande mmoja, watu wamesimama kando wakipiga kelele na kurekodi kwa simu.

Hata mimi nilikuwa nikifikiria hivyo, hadi nilipoacha chuo na kuanza kumsaidia anko wangu huku Kitengela. Anko ana Land Cruiser pikapu ya zamani, na mvua ikianza, simu yake hailali. Kazi ni kuvuta magari yaliyokwama. Mimi ndiye mtu wa kamba: nashuka, nalala kwa matope, nafunga, nasimama mbali, napiga kelele "vuta!" Nimefanya hivyo misimu mitatu ya mvua. Cheti sina, lakini somo la kukwama naweza kukufundisha muhula mzima.

Kwa hivyo leo tupange njia ngumu za Kajiado, tukianza na ile afadhali hadi ile mbaya kabisa. Kaunti hii ina takriban kilomita mraba 21,900, na karibu kila aina ya njia mbovu utaipata humu. Ile iliyoshika nambari moja itakushangaza, kwa sababu ni tambarare kama meza.

Nambari 4: Mawe ya upande wa Magadi

Ukitoka Kiserian kuelekea Magadi, barabara inateremka ndani ya Bonde la Ufa na joto linapanda kila kilomita. Ukiacha lami tu, unakutana na mawe meusi ya volkano. Yana makali. Hayatoboi tairi pale chini penye mpira mnene, yanachana ubavuni, na tairi lililochanika ubavuni halizibiki.

Mawe kama hayo ndiyo yaliyoyapa sifa mashindano ya Rhino Charge, ambayo yameshawahi kuletwa hapa Kajiado. Yalianza 1989 kuchangisha pesa za shirika la Rhino Ark, lililotaka kuweka ua kuzunguka msitu wa Aberdare ili vifaru na wanyama wengine wawe salama na wakulima wasivamiwe. Sheria zake ni tamu: unapewa vituo 13 porini na saa 10 za kuvifikia. Mwenye mbio hashindi. Anayeshinda ni yule aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Ndiyo maana unawaona wakishuka magenge badala ya kuzunguka. Kila mita ina hesabu.

Sasa mbona nayaweka nambari 4? Kwa sababu jiwe halina unafiki. Unashuka, unaliangalia, unapanga mawe madogo mbele yake, mwenzako anakuelekeza usukani. Kesho utalikuta palepale. Ukiwa na subira, gari lililoinuka na spea mbili, utapita.

Nambari 3: Ganda la magadi na vumbi la Amboseli

Ziwa Magadi likikauka kingo zake unaona uwanja mweupe, mgumu, mzuri wa kupiga picha. Usijaribu kuingia na gari kiholela. Juu ni ganda la magadi, chini yake kuna maji mazito ya chumvi na tope. Ganda likikubali uzito wa mtu, haimaanishi litakubali tani mbili. Likivunjika, gari linakaa kwa tumbo, na yale maji ya magadi yanaanza kula chuma chake.

Amboseli nako kuna lile ziwa kavu. Kiangazi ni vumbi laini kama unga, linaingia hadi kwenye kichujio cha hewa na gari linaanza kukohoa. Mvua ikija, uwanja ule ule unafunikwa na maji, na chini yake pana utelezi.

Dawa yake ni rahisi: fuata njia iliyokwisha kukanyagwa, na umuulize mwenyeji. Mchungaji wa Kimaasai anayepita hapo kila siku anajua kuliko ramani ya simu yako.

Nambari 2: Mito inayolala

Hii ndiyo inayoua, kwa hivyo soma polepole. Kajiado ina mito mingi ya msimu. Miezi mingi ni mchanga mkavu tu, mbuzi wanavuka, watoto wanacheza. Kisha mvua inanyesha milimani, mbali kabisa na ulipo. Juu yako anga ni samawati. Dakika chache baadaye maji ya kahawia yanafika yakiwa yamebeba magogo.

Unakumbuka tarehe 4 Desemba 2021? Basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu kule Kitui uliokuwa umefurika. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengine waliokuwa kando wakitazama bila la kufanya. Na mvua za Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini.

Gari kubwa linakudanganya. Maji yakifika mlangoni, gari linaanza kuelea, na gari linaloelea halina breki wala usukani. Sheria ya anko ni moja: kama huwezi kuvuka kwa miguu, usivuke kwa gari. Kaa, kunywa soda, subiri. Mto wa msimu hupungua wenyewe.

Na hapo ndipo mto una afadhali. Unauona mbele yako na unaweza kukataa. Nambari moja haikupi nafasi hiyo.

Nambari 1: Udongo mweusi wa Kitengela

Ndiyo. Hapa hapa mtaani. Ule udongo mweusi ambao mafundi wa ujenzi wanauita "black cotton", uliotandazwa kwenye mbuga za Kapiti, Kitengela, Isinya na kwingineko. Hakuna mlima, hakuna genge. Ni uwanja tu na ploti zilizozungushiwa waya.

Siri yake iko kwenye aina ya mfinyanzi uliomo. Mfinyanzi huo hunywa maji na kuvimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Ndiyo maana nyumba zilizojengwa juu yake bila kuuchimba na kuuondoa hupasuka kuta. Kwa dereva, mambo huenda hivi. Manyunyu ya kwanza: juu panateleza kama sabuni, chini bado pagumu, gari linatembea kiupandeupande kama kaa. Mvua ya siku ya pili: udongo unakuwa ugali. Unashika tairi, unajaza nafasi zote kati ya meno yake, tairi linakuwa laini kama chupa. Kisha unajaa hadi kwenye madigadi na gurudumu linakataa kuzunguka kabisa.

Hapo ndipo 4x4 inapoumbuka. Kazi yake ni kupeleka nguvu kwa magurudumu yote manne. Kama yote manne yamevaa soksi za tope, umepata tu magurudumu manne ya kuteleza badala ya mawili.

Hii si hadithi ya juzi. Safari Rally ya zamani ilikuwa ikifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, na tope ndilo lililokuwa refa. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7. Hao walikuwa madereva bora wa wakati wao wakiwa na mafundi. Wewe una nini? Playlist.

Usiku mmoja wa Aprili

Nikupe sababu inayonifanya nisicheke sana ninapoandika haya.

Mama yangu alinunua ploti kilomita nne kutoka lami. Waliomuuzia walimleta kuiona Februari, jua kali, njia ngumu kama saruji. "Dakika saba kutoka lami," wakasema. Hawakudanganya. Februari ni dakika saba.

Usiku mmoja wa Aprili, saa tano, jirani yake alimpigia anko. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa akipumua kwa shida. Boda boda walikuwa wamekataa kuingia. Anko hakuuliza bei. Tuliweka 4L, tukaingia gizani.

Kilomita ya kwanza tulienda vizuri. Baada ya hapo gari liliteleza likaingia kwenye mfereji uliochimbwa na malori ya maji, likakaa kwa tumbo, magurudumu yakizunguka bure. Tuna winchi, lakini winchi inataka mti wa kushika, na mbuga ile haina miti. Kuna migunga mifupi tu. Tulifunga kamba kwa mmoja, ukang'oka na mizizi yake. Tukaanza kuchimba shimo ili tuzike tairi la spea liwe nanga. Kila jembe moja la udongo tuliloinua, maji yalirudi kujaza.

Anko akampigia yule baba kumwambia tumekwama. Akajibu, "Basi mzee, tunakuja kwa miguu."

Baada ya muda mrefu tuliona tochi ya simu ikiyumba gizani. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni, amemfunika blanketi na karatasi ya nailoni. Mkewe alikuwa nyuma, viatu mkononi. Miguu yao ilikuwa imevaa tope hadi magotini. Akauliza, "Gari liko wapi?"

Anko akasema, "Ndilo hili."

Aliliangalia mara moja, akaendelea kutembea. Niliwafuata. Tulipokezana mtoto, mimi na yeye, hadi lami, na hapo boda boda ikawapeleka hospitali. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Gari lilitolewa kesho yake adhuhuri na trekta.

Kwa hivyo ukiniuliza njia ngumu zaidi ni ipi, usitarajie nikutajie genge la kwenye video. Watu wanaokwenda kwenye mashindano wameichagua taabu yao, na jioni wanarudi nyumbani. Huku kwetu taabu iko kati ya kitanda na hospitali.

Ukilazimika kuingia

Kwanza, jiulize kama lazima. Kusubiri siku mbili za jua ni bei rahisi kuliko trekta. Kama ni lazima, haya ndiyo niliyojifunza:

Toa upepo kwa tairi hadi kama 20 badala ya 32 au zaidi, lipanuke likanyage eneo kubwa. Ukirudi lami, jaza tena kabla ya kuongeza mwendo.

Weka 4L au gia ya pili kabla ya tope, si ukishakwama. Enda mwendo mmoja, usikanyage breki ghafla, usibadilishe gia katikati.

Usifuate mifereji ya malori. Malori yana tumbo juu, lako liko chini.

Ukihisi gari linazama, acha mafuta mara moja. Kila mzunguko wa gurudumu ni kuchimba kaburi.

Usifunge kamba kwenye bampa, funga kwenye ndoano ya chesisi. Na kamba ikikazwa, mtu yeyote asisimame karibu. Kamba ikikatika inarudi kama mjeledi, inavunja mfupa.

Beba jembe, minyororo ya tairi, tochi, maji na gambuti. Hasa gambuti, kwa sababu huenda ukamaliza safari kwa miguu.

Na wewe unayewazia ploti

Najua wengi wenu mnachanga kwenye chama mpate kipande huku. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 Kitengela, na bado watu wanakuja. Karibuni. Lakini msije kuona ploti Februari. Njooni Aprili au Novemba, siku moja baada ya mvua, na mtembee wenyewe kutoka lami.

Mkiwa hapo, angalieni miti. Mkiona migunga mifupi yenye vinundu vyeusi vinavyopiga mluzi upepo ukivuma, na sisimizi wakitoka ndani, jueni mmesimama juu ya udongo mweusi. Mgunga ule unaupenda udongo huo na hautawaficha kitu, hata kama anayewauzia ploti atawaficha. Ulizeni changarawe inaishia wapi, mtaro uko wapi na kalvati ziko ngapi. Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nendeni mkaulize hayo hayo.

Mama bado anaishi kule. Baada ya usiku ule, majirani walianza kuchanga kila mwezi kununua lori la changarawe, na yule baba wa mtoto ndiye mwekahazina. Kufikia sasa tumemaliza kilomita moja.

Bado tatu.