Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Jenerali McChrystal na Kazi ya Ujasusi

Msomaji mpenzi, ukisikia neno "komando" bila shaka unafikiria sinema: jitu lenye misuli na bunduki mbili. Hebu leo tutazame upande usioonyeshwa sinemani, yaani upande wa habari.

Mwaka 2003 Jenerali Stanley McChrystal wa Marekani alikabidhiwa kamandi ya pamoja ya operesheni maalum, JSOC. Kamandi hiyo iliundwa mwaka 1980, baada ya jaribio la kuwaokoa mateka huko Iran kugonga mwamba. Nchini Iraq alikuta makomando hodari, lakini adui alizidi kupata nguvu. Adui mwenyewe ni kundi la Abu Musab al-Zarqawi, lililojiunga mwaka 2004 na al-Qaeda, wale wale waliolipua Nairobi tarehe 7 Agosti 1998.

Kwani kulikuwa na kasoro gani? Kila idara ilizikalia habari zake kama kuku aliyeatamia mayai. Makomando walivamia nyumba usiku, wakajaza mifuko kwa karatasi, simu na kompyuta. Mifuko ikarundikana kambini bila kufunguliwa. Habari zikija kusomwa, anayetafutwa keshahama zamani!

McChrystal akapindua mambo. Kwanza, aliwaweka maafisa wa CIA, FBI na idara nyingine pamoja na makomando katika kambi ya Balad. Pili, kila siku palikuwa na mkutano wa video wa saa moja na nusu, na baadaye maelfu ya watu walishiriki. Tatu, maafisa wa chini waliruhusiwa kuamua mengi bila kungoja mkubwa. Kazi ikawa duara: kilichopatikana katika uvamizi mmoja kilichambuliwa mara moja ili kielekeze uvamizi unaofuata.

Matokeo? Mwaka 2004 uvamizi kwa mwezi haukufika 20. Mwaka 2006 ulifikia takriban 300. Wapelelezi walimfuatilia mshauri wa kidini wa Zarqawi kwa ndege zisizo na rubani mpaka akawafikisha mafichoni, na tarehe 7 Juni 2006 Zarqawi akauawa kwa mabomu.

Lakini tusishangilie tu. Katika kituo cha Camp Nama, Baghdad, wafungwa waliteswa, na zaidi ya askari 30 wa kikosi hicho waliadhibiwa. Tena, uvamizi 300 ni milango 300 inayovunjwa usiku. Ikiwa nyumba siyo, nani atamwomba radhi mama na watoto wake? Na mtandao wenyewe haukufa: warithi wake waliuteka mji wa Mosul mwaka 2014.

Basi wenzangu, tuige lile jema la kugawana tunachojua, kwani umoja ni nguvu. Ila tukumbuke kwamba mwenye habari nyingi na mkono mwepesi anahitaji dhamiri nzito kuliko wote.