Ngazi za kuelea: Zapendeza, lakini je, ni salama?

Huenda unajenga nyumba ya ghorofa na fundi amekuonyesha picha ya ngazi za kisasa ziitwazo ngazi za kuelea. Vidato vyake hutokeza ukutani kimoja kimoja kama rafu za vitabu. Kati ya kidato na kidato ni wazi, na mara nyingi upande wa pili hauna hata pa kushika. Bila shaka havielei: hushikiliwa na vyuma vilivyofichwa ukutani, au na boriti moja ya chuma inayopita chini yake.

Ngazi hizi hupendeza na huruhusu mwanga kuenea sebuleni. Hata hivyo, vitu vilivyoondolewa ili zipendeze ndivyo vilivyokuwa vikimlinda mwenye nyumba. Mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka.

Watoto

Mtoto anayetambaa huweza kupenyeza miguu na kiwiliwili kwenye uwazi ulio kati ya vidato, kisha kichwa kikakwama, akabaki akining'inia kwa shingo. Ndiyo sababu kanuni za ujenzi za Uingereza hazikubali ngazi za nyumbani ziwe na uwazi unaoweza kupitisha mpira wenye kipenyo cha sentimita 10.

Chukua rula upime. Ikiwa kila kidato kinapanda sentimita 18, na ubao wake una unene wa sentimita 5, uwazi unaobaki ni sentimita 13. Huo ni mkubwa mno.

Wazee

Mzee hupata taabu zaidi anaposhuka. Mtoto wa jicho humfanya asione vizuri ukingo wa kidato, na anapoona sakafu ya chini kupitia uwazi, macho huchanganyikiwa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Akikosa pa kushika, huanguka na kuvunjika nyonga, na wengine hawatembei tena kama zamani.

Ufanye nini?

Huna haja ya kubomoa. Mwambie fundi:

- Aongeze kipande cha mbao au kioo kigumu chini ya kila kidato, uwazi uwe chini ya sentimita 10.
- Aweke kizuizi upande ulio wazi, pamoja na mahali pa kushika penye kimo cha sentimita 90 hadi 100, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha mwisho.
- Ahakikishe vidato vyote vina kimo kimoja, maana mguu huzoea kipimo.
- Abandike utepe usioteleza, wenye rangi tofauti, kwenye ukingo.
- Aweke swichi ya taa juu na chini.

Kama una mtoto mdogo, weka lango juu na chini. La juu lifungwe kwa skrubu ukutani, kwani lile la kubana tu huweza kung'oka likisukumwa.

Mtu akianguka

Usimwinue kwa haraka. Akilalamika maumivu ya shingo au mgongo, asisogezwe hadi wahudumu wafike, isipokuwa kama yuko hatarini. Mzee ambaye mguu mmoja umekuwa mfupi na kupinda nje huenda amevunjika nyonga.

Mpeleke hospitalini mara moja aliyepoteza fahamu, anayetapika tena na tena, aliyeshikwa na degedege, anayesinzia kupita kiasi, au anayetokwa na damu au majimaji masikioni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aende akigonga kichwa, hata akijihisi mzima, kwa sababu damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu.

Msomaji, kizuizi cha ngazi huwekwa mara moja tu, bali nyonga iliyovunjika hugharimu upasuaji na miezi ya kuuguzwa. Zungumza na fundi wako kabla hujahamia.