GITAA LA BESI NA WAYA WA TATU



Jumamosi moja jioni nilikuwa nimeketi barazani, gitaa langu la besi mapajani, nikipiga polepole. Mzee mmoja jirani yetu akapita akitoka shambani, jembe begani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu," kisha akasimama akatega sikio. "Karani, gitaa gani hili lisilosema? Vidole naviona vinakwenda, sauti siisikii."

Nikamwomba aweke kiganja juu ya ubao wa gitaa, nami nikapiga uzi mnene. Akashtuka, akacheka: "Kumbe languruma ndani kwa ndani!"

Ndivyo lilivyo. Besi bila umeme ni kama mtu anayesema na moyo wake. Lakini likitiwa waya na amplifaya, husikika hata ng'ambo ya bonde. Leo nataka kuwaelezeni habari za chombo hiki, nyaya zake na mashine zake. Siku hizi kwaya nyingi na vijana wengi vijijini wanavinunua vyombo hivi, nami naona wanarudia makosa yale yale niliyoyafanya mimi. Kosa moja nusura liniue.

BESI NI NINI?

Gitaa la kawaida lina nyuzi 6. Besi kwa kawaida lina 4, nazo ni ndefu na nene. Uzi ulio mnene kupita wote hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde moja. Wa pili mara 55, wa tatu mara 73, na wa nne mara 98. Sauti nzito namna hii mtu huisikia kifuani kama anavyoisikia masikioni. Kazi ya besi si kuupamba wimbo, bali kuushika, kama nguzo ya katikati inavyoshika nyumba. Mgeni akiingia haitazami nguzo ile. Lakini iondoeni, muone!

Zamani wapigaji walitumia besi kubwa ya mbao, ya kusimama, yenye kimo cha mtu mzima. Kuisafirisha ilikuwa taabu, na katika bendi yenye makelele haikusikika vema. Miaka ya 1930 Bwana Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, alitengeneza besi ya umeme ya kushikwa kama gitaa, lakini haikuenea. Mwaka 1951 Bwana Leo Fender, huko Fullerton, California, akaanza kuuza ile iitwayo Precision Bass, nayo ikaenea ulimwenguni. Ajabu ni kwamba Bwana Fender mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi wa redio.

Huku kwetu pia besi la umeme lilipata makao katika muziki wa dansi. Mkipata nyimbo za OK Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1956 mjini Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa, au za Mlimani Park Orchestra ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1978, jaribuni kuwasahau waimbaji kwa dakika moja, mfuate sauti ya chini tu. Mtaona ndiyo inayoichukua miguu ya watu.

UMEME WATOKA WAPI?

Chini ya nyuzi zimewekwa sumaku ndogo, zimezungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, umeme kidogo sana huzaliwa katika waya ule. Kanuni hii aliigundua Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831, nasi tulifundishwa chuoni tukaiandika madaftarini bila kujua itatufaa nini. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazifai kwa gitaa la namna hii: sumaku haizijui.

Besi langu nililinunua mjini, limekwisha kutumika, kwa fedha niliyoweka akiba karibu mwaka mzima. Nyuzi zake zilikuwa zimekufa sauti kwa jasho na uchafu, na nyuzi mpya ni ghali. Rafiki mmoja akanifundisha kuzivua, kuzichemsha kwa dakika 10, kisha kuzikausha vizuri. Mama watoto alipofunua sufuria akauliza, "Baba, leo twala supu ya nyaya?" Watoto wakacheka mpaka wakalia. Lakini sauti ilirudi kwa majuma machache. Hata hivyo msihangaike sana na jambo hili. James Jamerson, mpiga besi mashuhuri wa Detroit, alijulikana kwa kutobadili nyuzi zake mpaka zikatike, na sauti yake nzito ilipendwa na wengi.

WAYA SI WAYA TU

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba nyaya zote ni sawa. Waya wa gitaa una uzi mmoja wa shaba katikati, kisha plastiki, kisha wavu wa shaba uliozunguka pande zote, kisha mpira wa nje. Wavu ule ni kama ua wa nyumba: huzuia mivumo ya umeme ulio hewani isiingie ndani. Waya wa spika hauna wavu. Una nyuzi mbili nene, kwa sababu hupitisha umeme mwingi zaidi. Ukitumia waya wa spika kwenye gitaa, utasikia mvumo kama nyuki. Ukitumia waya wa gitaa kwenye spika kubwa, unaweza kupata moto na kuharibu mashine. Kwa macho hufanana. Basi ulizeni kabla ya kulipa.

Duka moja liliniuzia waya mnene wa kupendeza. Baada ya mwezi ukaanza kukatika sauti. Nilipoupasua nikakuta mpira mwingi, na wavu una nyuzi chache za kuhesabika. Tangu siku ile nanunua jeki ya chuma inayofunguka, na waya wa mita 4 au 5 tu, maana waya mrefu mno hupunguza ukali wa sauti. Ukikatika naufungua, nalehemu upya, kazi imekwisha. Tena, waya usikunjwe kwa kuzungushwa kwenye kiwiko. Hujisokota na kuvunjika ndani. Uviringeni taratibu kwa duara pana.

Kosa la pili lilikuwa kuchomeka besi kwenye spika ya redio ya nyumbani. Sauti ya besi husukuma karatasi ya spika mbele na nyuma kwa nguvu nyingi. Wimbo wa kwanza haukwisha, karatasi ikachanika. Redio ilikuwa ya familia nzima, na siku nyingi tulikaa bila habari.

WAYA WA TATU

Sasa nawaombeni mnisikilize vema, hasa ninyi viongozi wa kwaya.

Amplifaya yangu kuukuu, ilipounganishwa na mikisa ya kwaya ukumbini, ilivuma sana. Fundi mmoja akaja, akafungua plagi ya amplifaya, akakata waya wa tatu, ule wa kijani na manjano. Mvumo ukanyamaza. Tukamshukuru, tukamlipa. Kumbe tumelipia hatari!

Waya ule ni wa ardhi. Wengine huuita ethi. Kazi yake si kupiga muziki, bali kulinda watu. Umeme ukivuja na kugusa bati la mashine, waya ule huupeleka ardhini, na fyuzi hukatika. Na nyuzi za besi zimeunganishwa na bati hilo kwa njia ya wavu wa waya. Maana yake, mpigaji ameishika mashine kwa mikono yake miwili.

Juma moja baadaye nilitumia amplifaya yangu peke yake, bila kuiunganisha na mikisa. Mvua ilikuwa imenyesha, sakafu mbichi. Nikasogeza midomo kwenye maikrofoni ya kwaya ili niimbe. Sikumbuki neno la kwanza. Nakumbuka pigo la kichwani, na mikono iliyokataa kuachia nyuzi. Mwalimu wa kwaya alikuwa karibu na swichi, akaizima. Nikaanguka. Tulipoifungua mashine tukaona waya wa moto umechubuka, umegusa bati. Umeme ulipita mikononi mwangu ukatokea mdomoni, maana maikrofoni ilikuwa na ardhi na mashine yangu haina.

Si mimi wa kwanza. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, mpiga gitaa Les Harvey, mwenye miaka 27, alikufa jukwaani alipogusa maikrofoni isiyounganishwa na ardhi ipasavyo. Mwaka 1976 mwimbaji Keith Relf alikufa nyumbani kwake Uingereza akipiga gitaa la umeme lisilokuwa na ardhi nzuri. Wale walikuwa watu wa kazi hiyo.

Basi fanyeni hivi. Plagi iwe na pini tatu na nyaya tatu. Msichomeke nyaya tupu kwenye soketi kwa vijiti vya kiberiti. Mvumo ukitokea, kwanza chomekeni amplifaya na mikisa penye soketi moja. Mara nyingi hunyamaza bila kukata kitu. Fundi wa umeme apime kama ukumbi una ardhi ya kweli, na kama mwatumia jenereta, aikague nayo. Kama fedha ipo, aweke swichi ile inayokata umeme upesi ukivuja. Msipige penye maji wala bila viatu. Na mtu akishikwa na umeme, msimguse kwa mikono! Zimeni swichi kwanza. Ikishindikana, msukumeni kwa mti mkavu.

Mimi nimerudisha waya wangu wa tatu. Fundi mwingine aliutengeneza kwa muda mfupi, na gharama yake haikufika hata nusu ya bei ya nyuzi mpya. Majuto ni mjukuu, lakini mimi nilipewa nafasi ya kujuta nikiwa hai.

Yule mzee jirani hupita bado jioni. Huweka jembe chini, huweka kiganja juu ya ubao, husikiliza. Juzi aliniuliza, "Na ule waya wako, upo?" Nikamjibu, "Upo, mzee." Akasema, "Haya, basi, piga."