Mikaratusi Yako Uikate kwa Zamu

Mtu asimamaye Karatu na kutazama upande wa Ngorongoro huona msitu mkubwa umefunika mabega ya milima. Huo ndio Msitu wa Hifadhi wa Nyanda za Juu Kaskazini. Pepo zenye unyevu huupiga, ukungu hutanda juu ya miti, na maji huingia ardhini taratibu. Baadaye maji hayo hutoka katika chemchemi na vijito vinavyowateremkia watu wa Karatu. Msitu huo umo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, wala hautunzwi kwa ajili ya mbao. Kazi yake kubwa ni maji.

Lakini kila nyumba hupika, na kila kijana aoaye hujenga. Kuni na boriti zitoke wapi? Zitoke katika shamba la miti la nyumbani. Watu wengi wamekwisha kupanda, na ni vema. Taabu huja siku ya kuvuna.

RIKA MOJA

Miti iliyopandwa siku moja ni kama vijana wa rika moja: hukua pamoja na huzeeka pamoja. Faida yake ni kwamba boriti zake hulingana, na kazi ya kukata huwa nyepesi. Hatari yake ni kwamba rika lote laweza kuondoka pamoja, asibaki mrithi.

Mfano tunao karibu. Chini katika kreta ya Ngorongoro pana msitu wa Lerai, wenye migunga ya gome la manjano. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 miti mingi mikubwa ya pale ilikufa. Wataalamu wametaja tembo na chumvi ya ardhini. Wengine wameongeza jambo la umri. Mwaka 1988 Young na Lindsay waliandika juu ya migunga ya aina hiyo hiyo huko Amboseli, Kenya. Walieleza kwamba kuwa rika moja ni sababu mojawapo ya misitu ile kutoweka kwa pamoja. Wazee wakianguka na watoto hawapo, msitu umekwisha.

NJIA NNE ZA KUVUNA

Kwa miti ya rika moja zipo njia nne.

Ya kwanza ni kukata kipande chote na kupanda upya. Ndivyo ifanywavyo katika mashamba ya miti ya serikali, kama yale ya Meru na Kilimanjaro Magharibi. Humo wakulima wameruhusiwa kulima mahindi na maharagwe kati ya miche mpaka kivuli kizidi. Msindano na msaipresi hutaka njia hii, kwa kuwa visiki vyake havichipui. Basi miche iwe tayari kitaluni kabla ya shoka kuingia.

Ya pili ni kuacha miti michache iliyo bora ili imwage mbegu.

Ya tatu ni kukata kwa awamu. Miti mikubwa hupunguzwa, mingine huachwa iwape kivuli watoto wake, kisha huondolewa watoto wakipata nguvu.

Ya nne ni kuacha kisiki kichipue. Hii ndiyo njia ya mkaratusi, nayo yafaa sana nyumbani. Kata karibu na mwanzo wa mvua. Tumia msumeno, usirarue gome. Kisiki kiwe kifupi, kama sentimita 10 hadi 15, na kilale upande kidogo ili maji yasituame juu yake. Machipukizi yatatoka mengi. Baada ya mwaka hivi chagua mawili au matatu yaliyo imara, mengine uyaondoe. Mbuzi wasiingie.

HESABU YA BABA MWENYE MITI

Tuseme baba ana eka moja ya mikaratusi, na boriti huwa tayari kwa miaka 8. Akipatwa na shida ya fedha akakata eka nzima, mwaka huo atashika fedha nyingi. Miaka 7 inayofuata mama atatafuta kuni mbali, pengine kule kule msituni. Tena mvua kubwa itapiga udongo mtupu, na mteremko utafanya korongo.

Mwenzake hugawa eka yake vipande 8, vikiukingama mteremko. Kila mwaka hukata kipande kimoja tu. Mwaka wa 9 hurudi kipande cha kwanza, akute machipukizi yamekuwa boriti. Hivyo kila mwaka ana kuni, na kila mwaka udongo umefunikwa karibu wote. Watoto wake watarithi shamba lenye miti.

Neno moja la kuonya. Mkaratusi hunywa maji mengi. Usiupande karibu na chemchemi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Mahali hapo iachwe miti ya asili.

Baba na mama, kaeni pamoja jioni moja mpime shamba lenu la miti. Wekeni alama za vipande, na watoto wazijue. Kila mzigo wa kuni utokao nyumbani ni mzigo mmoja usiotoka katika msitu unaotunywesha. Akiba haiozi.